Betri inazimikia foleni? Anza na kifaa kilichofungwa juzi

Chukua Canter iliyopakia nyanya Arusha kuelekea Nairobi. Inafika Namanga Ijumaa jioni, cheti cha afya ya mimea kina kasoro, wakala anasema mambo yatasubiri hadi Jumatatu. Dereva anazima injini na kufunga milango. Jumatatu asubuhi karatasi zimekamilika, ufunguo unazungushwa, stata inatoa mlio mmoja na kunyamaza. Nyuma honi zinapigwa, na kwenye bodi nyanya zimeshaanza kutoa maji.

Anayeitwa kwanza katika hali hiyo ni muuza betri, na jibu lake linajulikana: betri imekufa, nunua nyingine. Fedha inatoka, gari linawaka na safari inaendelea. Wiki inayofuata, kwenye maegesho ya Athi River au Malaba, betri mpya nayo inalala. Hapo ndipo mwenye gari anapokumbuka kwamba mwezi uliopita alifunga redio mpya yenye amplifaya, au taa za nyongeza, au kifaa cha kufuatilia gari kwa simu.

Mara nyingi betri haina kosa. Kuna kitu kinachonyonya umeme wakati gari limezimwa, na betri mpya haikitibu.

Chanzo kikubwa ni waya wenye umeme muda wote. Kila gari lina waya za aina mbili. Zipo zinazopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu, na zipo zenye umeme saa zote, kama zile za saa ya dashibodi na honi. Fundi mwenye haraka huchukua waya wowote ulio karibu wenye umeme, na wa saa zote ndio rahisi kuupata. Kifaa kinafanya kazi, mteja anafurahi na kulipa. Hakuna anayeuliza kama kinazimika gari likizimwa.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme Noah ina betri ya Ah 70, na amplifaya isiyozimika inavuta nusu ampea. Kwa siku moja hizo ni Ah 12. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, kama saa 60, zimeondoka Ah 30. Betri mpya iliyojaa inaweza kuvumilia na bado ikazungusha stata. Yenye miaka mitatu, ambayo uwezo wake umeshapungua, haitaweza. Ndiyo maana gari hilohilo halisumbui linapotembea kila siku: altaneta inarudisha kile kilichoibwa. Foleni ndiyo inayofichua wizi.

Kupima kunahitaji mita ya umeme ya kawaida inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Anza na volti. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima ya volti 12 husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na chini ya 12 imekwisha. Kisha washa gari kwa kubusti na upime tena injini ikinguruma. Mita ikionyesha kati ya 13.8 na 14.5, altaneta inachaji. Ikibaki kwenye 12, usimlaumu aliyefunga redio. Tatizo liko kwenye altaneta, mkanda wake au waya zake.

Altaneta ikiwa salama, tafuta mnyonyaji. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, kisha weka mshale upande wa ampea. Fungua waya wa hasi kwenye betri, na mita ikae katikati ya waya huo na kichwa cha betri, ili umeme wote upite ndani yake. Subiri kama nusu saa, kwa sababu magari ya kisasa yana kompyuta zinazochukua muda kulala. Katika hali hii usijaribu kuwasha gari hata kidogo: stata huvuta umeme mwingi mno na fyuzi ya mita itakatika papo hapo.

Gari dogo lililolala vizuri huvuta milliampea 50 au chini ya hapo. Ukiona 300 au 500, chomoa kwanza fyuzi ya kile kifaa kipya. Namba ikishuka ghafla, umempata. Isiposhuka, chomoa fyuzi nyingine moja moja hadi ishuke. Na kama kifaa kipya hakina fyuzi kabisa, hilo ni kosa kubwa kuliko betri kulala, maana waya wake ukichunika na kugusa bodi unaweza kuwasha moto.

Tiba kwa kawaida ni kuhamisha waya mmoja kwenda kwenye umeme wa ufunguo. Kwa vitu vinavyovuta sana, kama taa kubwa au friji ndogo, fundi aweke rilei na fyuzi karibu na betri. Kifaa cha kufuatilia gari ni tofauti, kwani hakina budi kuwa macho saa zote, lakini kizuri huvuta kidogo sana gari likisimama. Kikivuta zaidi, kirudishwe kwa aliyekifunga.

Kwenye malori mazito, na baadhi ya Canter, kuna mtego ambao naona ndio unaokula betri nyingi zaidi kimyakimya. Magari hayo hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Redio nyingi za dukani ni za volti 12, basi fundi anachukua umeme kwenye betri moja tu. Altaneta inachaji zote mbili kama kitu kimoja na haijui kwamba moja inaibiwa. Inayoibiwa haijai kamwe, na mwenzake inachajiwa kupita kiasi hadi maji yake yanakauka. Baada ya muda zote mbili zimeharibika, kila moja kwa njia yake. Pima kila betri peke yake. Zikitofautiana kwa nusu volti, uliza redio imefungwa wapi. Dawa ni kipunguza volti kutoka 24 hadi 12, ambacho bei yake ni ndogo kuliko betri moja ya lori. Ukibadilisha betri, badilisha zote mbili pamoja. Wala usibusti gari la volti 12 kutoka kwenye lori la volti 24, hata dereva mwenzako akikuhimiza kwa sababu foleni inasogea.

Mfanyabiashara anayekodi gari aulize kabla ya kupakia: mwezi huu kimefungwa nini kipya, na gari lilisimama siku ngapi mara ya mwisho bila kubustiwa?

Kuna kifaa kimoja ambacho fundi asikiguse katika msako huu. Kufuli ya kielektroniki ya forodha inayofungwa kwenye mlango wa kontena ina betri yake yenyewe na hainyonyi ya lori. Kuichezea ni kosa chini ya Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, na maelezo kwamba ulikuwa unatafuta umeme unakopotelea hayatakusaidia mbele ya ofisa.