Maneno ya Mtandao na Maendeleo ya Mwalimu: Mfano wa Bigwa, Morogoro

Makala hii yahusu jambo linalowagusa walimu wa shule za msingi na wataalamu wa lugha kwa pamoja, nalo ni lugha ya vyombo vya mtandao ambavyo mwalimu wa siku hizi huvitumia ili kujiendeleza katika kazi yake. Nia yangu ni kuonyesha kwamba chombo kipya humfaa mwalimu kwa kadiri ya maneno aliyo nayo ya kukizungumzia. Tena kwamba maneno hayo hayapati uhai kwa kuchapwa katika orodha, bali kwa kutumiwa na walimu wao kwa wao kazini.

Mfano wangu ni Bigwa, nami nimeuchagua kwa sababu maalumu. Bigwa ni kata ya Manispaa ya Morogoro, nayo iko upande wa mashariki wa mji, chini ya milima ya Uluguru. Hapo ndipo yapitapo mazao ya milimani yashukayo mjini kwa barabara itokayo Kisaki, Mvuha na Matombo: ndizi, matunda na viungo. Bigwa pana Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na si mbali nayo, Kigurunyembe, pana chuo cha ualimu. Lugha ya wenyeji ni Kiluguru, ambacho Guthrie alikipa alama ya G35 katika mpango wake wa lugha za Kibantu. Lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali ni Kiswahili. Lakini sehemu kubwa ya maarifa ya ualimu yaliyomo katika intaneti imeandikwa kwa Kiingereza. Basi mwalimu wa mahali kama hapa husimama kati ya lugha tatu, na kila anapotafuta shauri jipya la kufundishia hana budi kuvuka kutoka moja hadi nyingine.

Yafaa tukumbuke kwamba mwalimu wetu kujifunza kwa mbali si jambo geni. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika, liliwafikishia walimu habari na maarifa kwa Kiswahili. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipojiandaa kwa elimu ya msingi kwa wote iliyoanza mwaka 1977, walimu wa vyuoni hawakutosha. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1976 maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu hukohuko waliko, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa msaada wa wakufunzi. Jambo la kuangaliwa ni kwamba masomo yale yaliandaliwa kwa lugha ambayo mwalimu angeitumia darasani kesho yake. Baina ya kujifunza kwake na kufundisha kwake hapakuwa na kazi ya kutafsiri. Mtandao umeleta maarifa mengi kuliko posta na redio, lakini umeleta na kazi hiyo ya kutafsiri, na mara nyingi humwachia mwalimu aifanye peke yake.

Serikali imekwisha kuchukua hatua. Mwongozo wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, ulitolewa mwaka 2020, na utekelezaji wake unasimamiwa kitaalamu na Taasisi ya Elimu Tanzania. Taasisi hiyo ina maktaba ya mtandao yenye vitabu vya kiada, na mfumo wa masomo ambao mwalimu aweza kuufikia kwa simu au kompyuta. Katika shule zenyewe walimu hukutana katika Jumuiya za Kujifunza, ambamo hupeana mashauri juu ya mada ngumu na namna za kuzifundisha. Hata jina lenyewe lastahili kuangaliwa na wanaisimu. MEWAKA limeundwa kwa mwanzo wa kila neno kuu, lakini likafuata silabi wazi za Kiswahili, kama yalivyo majina ya BAKITA na TUKI. Tena, ingawa neno kuu ndani yake ni mafunzo, wasemaji husema MEWAKA imeanza, wala si MEWAKA yameanza. Hii ni dalili kwamba neno limekwisha kuacha asili yake na kujitegemea.

Sasa tuyatazame maneno ambayo mwalimu hukutana nayo afunguapo mtandao. Naona yafaa kuyagawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni maneno ya zamani yaliyopanuliwa maana. Neno bofya lilikuwa na maana ya kubonyeza kitu kwa vidole, kama mnunuzi abofyavyo embe ili ajue kama limeiva. Leo labofywa neno juu ya kioo cha simu. Neno kiungo lilitaja mahali mifupa ikutanapo, na pia kitu cha kutia ladha katika chakula. Leo lataja maandishi yampelekayo msomaji kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kwa mtu wa Bigwa, ambaye huona karafuu, mdalasini na pilipili manga zikishuka kutoka milimani, maana ya ladha ndiyo ya karibu zaidi. Lakini muktadha huondoa utata upesi. Pakia na pakua ni jozi iliyo bora zaidi. Kiambishi -u- hapa hutengua tendo, kama katika fukia na fukua, au funika na funua. Ndizi hupakiwa garini huko milimani na kupakuliwa sokoni. Na kitabu hupakiwa mtandaoni na mwandishi, kisha hupakuliwa na mwalimu. Hata hivyo, jozi hii ina mtego. Katika matumizi haya mtandao ndio gari, na simu ni kama soko. Mwenye kudhani kwamba simu ndiyo gari atasema amepakia kitabu katika simu yake, na kwa fikira zake hakukosea. Mwalimu akielezwa mfano wa gari mara moja tu, hatayachanganya tena. Asipoelezwa, orodha ya maneno haitamsaidia.

Fungu la pili ni maneno yaliyoundwa au kuunganishwa kwa kanuni za lugha yenyewe. Mtandao latokana na mzizi wa tanda, ambao ndio pia mzizi wa utando wa buibui. Hivyo hata asiyelijua huweza kulikisia. Barua pepe na neno la siri ni ya namna hiyo. Katika fungu hili limo na tarakilishi, ambalo ndani yake lasikika neno tarakimu. Neno hili lapatikana sana katika vitabu na shule za Kenya, lakini Tanzania halikuweza kuliondoa neno kompyuta, ambalo ndilo kiongozi wa fungu la tatu, yaani maneno ya kukopa, pamoja na intaneti na programu.

Kwa nini neno moja hukubaliwa na jingine hukataliwa? Wengi hujibu kwamba ni kwa ufupi wake, au kwa uzuri wa sauti zake, au kwa uwazi wa maana yake. Majibu haya yana kweli ndani yake, lakini hayatoshi, na ushahidi wake ni neno kishikwambi. Si fupi, wala maana yake haionekani wazi kwa kulitazama. Kabla ya mwaka 2022 halikuwa likisikika sana katika mazungumzo ya kila siku. Lakini katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 makarani walihesabu watu kwa vyombo hivyo, na baada ya sensa vikaanza kugawiwa kwa walimu. Neno likaingia shuleni pamoja na chombo. Mwalimu alikabidhiwa kishikwambi, akatia saini kwamba amekipokea, akaulizwa kishikwambi chake kiko wapi. Likafuata ngeli ya KI-VI bila taabu: kishikwambi changu, vishikwambi vyetu. Hapa neno na chombo na wajibu vilikuja siku moja, na hii ndiyo sababu kubwa ya kukubaliwa kwake. Kompyuta ilikwisha kufika pamoja na jina lake kabla tarakilishi haijapata nafasi.

Kutokana na hayo twaona hatari iliyopo. Natuseme mwalimu wa hisabati ameona katika mtandao somo zuri la Kiingereza, naye anataka kulitumia kesho. Google ilianza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009, na msaada huu ni mkubwa, wala haufai kudharauliwa. Lakini katika Kiingereza neno moja hutumika kwa ujazo wa chombo, kwa juzuu ya kitabu, na kwa ukubwa wa sauti ya redio. Mashine ikikosa muktadha yaweza kumwambia mtoto atafute sauti ya mche mstatili. Vilevile neno moja la Kiingereza ni meza na ni jedwali. Mwalimu mzoefu atacheka na kusahihisha. Mwalimu mgeni, mwenye madarasa makubwa na usiku mfupi wa kujiandaa, huenda asione. Na kosa likishaandikwa ubaoni huingia katika madaftari ya wanafunzi wengi. Tena, hata walimu wakisahihisha vizuri, kila mmoja akisahihisha peke yake, shule mbili za kata moja zaweza kuwa na maneno mawili kwa jambo moja, ilhali watoto wote watafanya mtihani mmoja.

Tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma, jambo hili limekuwa zito zaidi, kwa kuwa mashine sasa huandika maandalio mazima ya somo kwa Kiswahili chenye ufasaha wa juujuu. Jina la maarifa haya lenyewe halijatulia. Wako wasemao akili bandia, wako wasemao akili unde, na wako wasemao akili mnemba. Bandia lina sifa ya kueleweka, lakini limebeba pia maana ya udanganyifu, kama katika fedha bandia. Unde latokana na unda kwa kiambishi -e, kama kiumbe litokavyo na umba, na mtume litokavyo na tuma. Kwa mwanaisimu ni umbo safi, ila lahitaji kuelezwa. Mnemba limeenea sana Tanzania kwa njia ya matangazo na hotuba. Sitaki kuhukumu hapa lipi ni bora. Ninalosema ni kwamba hukumu haitatolewa na sisi peke yetu, bali na watu watakaolitumia neno pamoja na kazi yake, na miongoni mwao walimu ni wa mbele.

Historia ya taasisi zetu yatuunga mkono. Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930, ambayo mwaka 1964 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na leo imo katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilishughulika tangu mwanzo na vitabu vya shule. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limesanifu istilahi za fani nyingi. Kinachopungua ni njia ya kurudi: kutoka darasani hadi kwa msanifu.

Njia hiyo yaweza kupatikana bila gharama kubwa. Kila Jumuiya ya Kujifunza ingeweza kuweka daftari moja, na ndani yake kuandika mambo manne: neno lililoleta taabu, sentensi lilimotokea, somo lililohusika, na neno ambalo walimu walikubaliana kulitumia. Madaftari ya kata moja kama Bigwa yangetosha kuwa mwanzo wa uchunguzi. Wataalamu wangeyasoma, wangelinganisha, na kurudisha majibu kwa walimu haohao, wakieleza sababu za kukubali au kukataa. Si kila neno la walimu litakuwa bora. Mengine yatakuwa na kasoro za ngeli au yatagongana na istilahi zilizokwisha kuenea. Lakini neno lenye kasoro lililo hai katika kazi ni rahisi kulirekebisha kuliko kulipa uhai neno safi lililolala katika orodha. Na mwalimu ajuaye kwamba daftari lake litasomwa na kujibiwa atakuwa amepata kitu ambacho mtandao peke yake haumpi, yaani mwenzake wa kujifunza naye kwa lugha anayofundishia.