Daftari la Genge

Daftari lenyewe ni la jalada gumu, rangi ya samawati, na kona zake zimeliwa na jasho la mikono. Nilikabidhiwa 1981, genge letu la makuli pale bandari ya Kilindini liliponichagua mtunza fedha za misiba. Kila msiba una mstari wake: jina la marehemu, kiasi tulichochanga, na waliokwenda kuzika. Mzee aliyenikabidhi aliniwekea kidole kwenye safu ya tatu. "Hii usiiache tupu, mwanangu. Pesa hata jirani atatoa."

Ukitaja chama cha wafanyakazi, watu huwaza mgomo na nyongeza ya mshahara. Kwa sisi makuli wa Mombasa, mambo yalianzia mbali zaidi, kwenye sanda. Baba yangu alikuwa kibarua wa bandarini. Neno hilo maana yake ni barua ndogo: kikadi alichopewa mtu, kikatiwa alama kila siku aliyofanya kazi. Meli ikifunga gati, ana kazi, ikiondoka, hana. Mtu wa namna hiyo akifa, hakuna tajiri wa kumdai gharama za maziko. Waliomjua ni wale aliobeba nao gunia, na hao ndio waliomzika.

Ndiyo maana sishangai kwamba mgomo wa Januari 1947 ulidumu siku 12. Watu wapata 15,000 waliacha kazi: makuli, watu wa reli, wapishi wa hoteli na wa majumbani. Kila siku walikusanyika uwanjani, wakauita Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo lilipopata nguvu shirikisho la wafanyakazi Waafrika lililoongozwa na Chege Kibachia, ambaye serikali ya kikoloni ilimkamata Agosti mwaka huohuo na kumpeleka kizuizini Kabarnet. Baba alikuwepo. Hotuba hakunisimulia hata moja. Alichokikumbuka ni shangazi yake aliyevuka kivuko cha Likoni na kapu la mihogo kichwani, akawagawia watu asiowajua kabila wala jina. Walikuwa wamekwishazoea kulishana matangani, basi hata kwenye mgomo walijua nani aanze kula. Machi 1955, makuli walipogoma tena na Tom Mboya, kijana wa miaka 24, akaja kuwasimamia kwenye mazungumzo, baba alikuwa uwanjani vilevile.

Mimi niliingia kazini 1974. Genge letu lilikuwa na Wadigo, Wagiriama, Waswahili, Wajaluo, Wakamba na Wataita, na kifo kilikuja kwa mwendo wa namna mbili. Mwislamu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Huna nafasi ya kupitisha karatasi ya mchango. Ndiyo maana pesa ya sanda ilikaa tayari kwenye kopo la maziwa ya unga, nyumbani kwangu, chini ya kitanda. Mke wangu alikuwa na ruhusa ya kulifungua nikiwa zamu ya usiku. Mtu wa bara akifa, kazi huchukua wiki: mochari, jeneza, basi la kukodi, halafu usiku kucha barabarani. Wadigo wa genge letu walijifunza kukesha kwenye nyimbo za kanisani, na Wajaluo wakajua kwamba jeneza la Mwislamu hupokezanwa begani, wala hakuna anayelibeba mwendo mrefu peke yake.

Kila Mei Mosi, kabla ya maandamano, tulikutana mkahawani alfajiri, nikasoma majina yote ya daftarini. Mwaka wa kwanza nilisoma kwa dakika mbili. Miaka ya mwisho chai ilipoa. Makontena yalikuwa yameshachukua kazi ya mikono, genge limebaki watu wachache, na majina ya kusomwa yakawa mengi kuliko sisi tuliosikiliza.

Mstari mmoja tu ulikaa na safu tupu. Novemba 1997 mwenzetu mstaafu alifia kwao Siaya. Mvua za El Niño zilikuwa zimekata barabara ya Nairobi, na sisi tukabaki Mombasa na mchango mkononi. Niliumia kila nilipofunua ukurasa ule. Februari tulikwenda watatu, na sukari, blanketi na bahasha. Tulifika magharibi. Kaburi lilikuwa limeshaanza kuota nyasi, na mjane wake akatuonyesha lilipo bila kutuuliza tulikuwa wapi.

Usiku, tulipokwisha kula, alisema mumewe alimwambia kuna daftari. Nilikuwa nalo mfukoni mwa koti. Alilifunua taratibu hadi akafika mahali pake, akavuta karibu taa ya chemni, akaishika juu ya ukurasa. "Andikeni sasa," akasema, "nikiona." Tukaandika majina yetu matatu, mmoja baada ya mwingine, kwa kalamu ya mwanawe wa shule iliyokuwa na wino mwekundu.