Biashara za Kilimo Meru: Kwa Nini Taarifa Zisasishwe

Mwekezaji anayetaka kujenga kiwanda cha kukausha ndizi, chumba baridi cha parachichi au kituo cha kupozea maziwa huuliza maswali yale yale popote aendapo. Mazao ni kiasi gani? Yanapatikana miezi ipi? Ni nani anayalima, na ni nani tayari anayanunua, kuyasafirisha na kuyasindika? Eneo linaloweza kujibu kwa takwimu za leo huwa na nafasi nzuri zaidi. Linalojibu kwa kukisia huenda likaachwa, hata kama mazao yake ni mengi na ya hali ya juu.

Kwa sababu hiyo wakulima na wafanyabiashara wa Kinoru, na Kaunti ya Meru kwa jumla, wanahimizwa kuhakikisha kwamba taarifa zao katika sajili za kitaifa za kilimo ni sahihi na ni za sasa.

Biashara ya kilimo ni ipi?

Watu wengi wakisikia neno hili hufikiria mashamba makubwa ya maua ya Timau au viwanda vya majani chai. Ukweli ni kwamba biashara ya kilimo ni kazi yoyote ya kujipatia riziki iliyo kati ya mbegu na sahani. Duka la agroveti ni biashara ya kilimo. Vivyo hivyo kitalu cha miche ya makadamia, kinu cha kusaga unga, kikundi cha akina mama wanaouza mayai, mwenye pikapu ya kubeba viazi kutoka Kibirichia, na muuzaji wa ndizi kwa jumla katika soko la Gakoromone.

Biashara hizi ndogo zina uzito katika mipango ya taifa. Mkakati wa Mageuzi na Ukuaji wa Sekta ya Kilimo wa 2019 hadi 2029 ulilenga kuwafikia wakulima wadogo wapatao milioni 1 kupitia biashara ndogo na za wastani zipatazo 1,000 zinazowahudumia wakulima moja kwa moja. Mpango kama huo hauwezi kumfikia mwenye duka la pembejeo ambaye jina lake halijulikani, au ambaye nambari yake ya simu ilikufa miaka mitatu iliyopita.

Sajili nyingi, picha moja

Taarifa za kilimo ziko sehemu mbalimbali. Wakulima husajiliwa katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za kilimo unaojulikana kama KIAMIS. Majina ya biashara na kampuni huandikishwa na Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen. Vyama vya ushirika vina sajili yao. Mamlaka ya Kilimo na Chakula, AFA, nayo huwatambua wafanyabiashara wa mazao yaliyo chini yake, kama vile kahawa na makadamia.

Kila sajili hueleza sehemu moja tu. Sajili ya biashara inajua jina la duka, lakini haijui kama lina friji ya chanjo za mifugo. Sajili ya wakulima inajua ekari za shamba, lakini haijui ni nani hununua mavuno yake. Kusasisha hifadhidata ya kitaifa ya biashara za kilimo ni kuvileta pamoja vipande hivi na kuondoa vilivyopitwa na wakati.

Kazi hii haiwezi kufanyiwa Nairobi peke yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliiachia serikali ya kitaifa sera ya kilimo, huku ukulima na ufugaji wenyewe ukiwa jukumu la kaunti. Kwa hivyo anayejua kama kikundi fulani bado kinakusanya maziwa ni afisa wa ugani wa wadi na majirani wa kikundi hicho.

Hasara ya orodha iliyozeeka

Tuseme mwekezaji anataka kuweka tangi la kupozea maziwa la lita 5,000. Sajili inamwonyesha wafugaji 600 katika eneo analolitaka. Kila mmoja akiuza lita 8 kwa siku, jumla ni lita 4,800, na tangi litakaribia kujaa. Anachukua mkopo na kujenga.

Lakini ikiwa wafugaji 250 kati ya hao wamehama, wamefariki au wameacha kufuga, maziwa yatakayofika ni lita 2,800. Bili ya umeme na mkopo vitalipwa kana kwamba tangi limejaa, na nafuu ya kwanza ambayo mwekezaji ataitafuta ni kushusha bei anayomlipa mfugaji. Orodha mbovu huishia kumuumiza mfugaji ambaye jina lake lilikuwa sahihi.

Kinyume chake pia hutokea. Eneo lenye wafugaji 600 huenda likaonyesha 200 tu kwa sababu waliobaki hawakujisajili. Mwekezaji akisoma hivyo hatakuja hata kulitazama. Maziwa yataendelea kuuzwa kwa bei ya mlangoni, na hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na nafasi iliyopotea.

Mfano wa mbolea

Umuhimu wa usajili ulionekana wazi mwaka wa 2023. Mwanzoni mwa mwaka huo, wakulima kote nchini walisajiliwa kwa msaada wa machifu, manaibu wao na wazee wa vijiji. Taarifa zilizochukuliwa zilijumuisha jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, ukubwa wa shamba na aina ya mazao. Taarifa hizo ndizo zilizotumiwa kugawa mbolea ya ruzuku, ambayo bei yake kwa mfuko wa kilo 50 ilishushwa kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500 mwezi Agosti 2023.

Mkulima alijulishwa kwa ujumbe wa simu, na ukubwa wa shamba ulichangia kuamua idadi ya mifuko. Katika mpango wa namna hii, mwenye kubadilisha laini bila kuarifu ofisi hukosa ujumbe, na aliyeandikiwa robo ekari badala ya ekari mbili hupangiwa mbolea isiyomtosha.

Masoko ya nje nayo yanadai kumbukumbu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa mwaka wa 2023, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa, inataka kahawa inayoingia huko ijulikane imetoka shamba lipi, na kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mkulima wa kahawa ambaye shamba lake halipo katika kumbukumbu za chama chake atapata shida kuthibitisha hilo.

Wakazi wa Meru wanakumbuka pia Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwezi Juni 2014. Msaada wowote katika janga la soko kama hilo huanza na maswali mawili: ni nani walioathirika, na ni wangapi? Aliye katika kumbukumbu hujibu kwa urahisi. Asiyekuwamo hulazimika kwanza kuthibitisha kwamba alikuwa akifanya kazi hiyo.

Hofu za kawaida

Wengine husita kutoa taarifa wakiogopa kodi. Usajili wa mkulima au biashara katika sajili ya kilimo si usajili wa kodi. Kodi husimamiwa na KRA chini ya sheria zake, na wajibu wa mtu kuilipa hautokani na kuwemo katika sajili ya kilimo.

Wengine huogopa kwamba majina na nambari zao zitafika kwa matapeli. Hofu hiyo ina msingi, na sheria imeizingatia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuelezwa taarifa zake zitatumiwaje, kuziona na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Isitoshe, mwekezaji anayepanga kiwanda huhitaji jumla za eneo: idadi ya wafugaji, ekari za ndizi, miezi ya mavuno. Hahitaji nambari ya kitambulisho ya mtu yeyote. Na hakuna afisa anayehitaji nambari ya siri ya M-Pesa ili kusasisha taarifa. Anayeiomba ni tapeli.

Mambo ya kukagua

Mkulima au mfanyabiashara anafaa kuhakikisha kwamba yafuatayo ni sahihi:

1. Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, na nambari ya simu anayoitumia sasa.
2. Mahali shamba au biashara ilipo: kaunti ndogo, wadi na kijiji au mtaa.
3. Mazao au mifugo aliyonayo sasa. Aliyeng'oa kahawa na kupanda parachichi aseme hivyo.
4. Ukubwa wa shamba analolima, likiwemo la kukodi.
5. Kwa biashara: huduma inayotolewa, kiasi kinachonunuliwa au kusindikwa kwa wiki au kwa msimu, na vifaa vilivyopo kama vile mizani, friji, kinu au gari.
6. Uanachama wa chama cha ushirika au kikundi.
7. Biashara iliyofungwa, au mkulima aliyefariki, ili jina liondolewe au libadilishwe na warithi.

Taarifa za mkulima husasishwa kupitia afisa wa kilimo wa wadi, na chifu anaweza kumwelekeza asiyejua ofisi ilipo. Ni vyema kubeba kitambulisho, na kwa wenye biashara, cheti cha usajili au kibali kikiwepo. Wanachama wa ushirika wakague pia kumbukumbu za chama chao. Usajili wa mkulima haulipiwi.

Wakati unaofaa zaidi ni kabla ya msimu wa kupanda, maana mipango ya pembejeo hutegemea kilichoandikwa wakati huo. Mtu akibadilisha laini, zao au mahali pa biashara baadaye, arudi ofisini taarifa zirekebishwe tena.