Kitufe kidogo kinachounguza spika za gari la matangazo

WAFANYABIASHARA wa Songea wanaotembeza bidhaa kwa pikapu, iwe Mfaranyaki au minadani njia ya Namtumbo, wanajua faida ya tangazo linalosikika. Mkulima akisikia bei ya mbegu inakoroma tu, hasimami. Baada ya siku chache spika nayo huungua, na faida ya msimu huishia dukani kununua nyingine.

Wengi humlaumu muuza spika. Mara nyingi kosa liko kwenye kitufe cha amplifaya kilichoandikwa Gain, ambacho mafundi hukiita geni.

Kitufe hicho si cha kuongeza sauti. Kazi yake ni kulinganisha umeme mdogo unaotoka kwenye redio, mara nyingi volti 2 hadi 4, na uwezo wa amplifaya. Kikizungushwa hadi mwisho, amplifaya hufika kikomo mapema, sauti hukatwa vileleni na koili ya spika hupata joto lisilohimilika.

Kinachohitajika ni mita ya fundi umeme. Soma wati halisi, zile zenye alama ya RMS, si namba kubwa ya kwenye boksi. Kama amplifaya na spika zinatofautiana, shika ndogo. Zidisha wati kwa omu za spika, kisha tafuta kipeuo cha pili. Spika ya wati 100 na omu 4 inatoa 400. Kipeuo chake ni volti 20.

Chomoa nyaya za spika, rudisha geni chini kabisa, zima vikuza besi na vichujio vyote. Injini ikiwa inaunguruma, fungua redio hadi robo tatu na upige mlio mmoja usiobadilika: hezi 50 kwa spika ya besi, hezi 400 kwa nyingine. Weka mita kwenye volti za AC, ipime pale nyaya zilipotoka, kisha pandisha geni taratibu hadi isome 20. Acha hapo, zima vyote, rudisha nyaya.

Honi za mhadhara zenye alama ya volti 100 zina utaratibu wake. Hesabu hii haizihusu.

Dereva aoneshwe ile robo tatu ya redio na asiivuke. Kama sauti bado haifiki mwisho wa mnada, sogeza gari au ongeza spika ambayo amplifaya inaimudu, lakini geni isiguswe.