Mwigizaji aliyenunua shamba Momella

Kijana wa Sombetini akisema anataka kuigiza filamu, mzazi huuliza: utakula nini? Jibu mojawapo liko Momella, ukishapita Tengeru na Usa River, chini ya Mlima Meru.

Mjerumani Hardy Krüger alikuja Arusha kucheza "Hatari!" pamoja na John Wayne, filamu iliyotoka mwaka 1962. Mwongozaji Howard Hawks alieleza kuwa waigizaji wenyewe ndio waliowakamata wanyama, na mbele ya kifaru si mchezo.

Krüger alianza filamu mwaka 1944 akiwa kijana mdogo. Baada ya vita alianza upya jukwaani Hamburg, kwa nafasi ndogo ndogo. Mtaji wake mkubwa ulikuwa lugha. Kiingereza kilimfungulia Uingereza mwaka 1957. Kifaransa kikampa filamu iliyotwaa Oscar mwaka 1963.

Fedha ya filamu huja kwa msimu, kama ya kahawa. Yeye alinunua shamba Momella, akaweka na hoteli, akaviendesha zaidi ya miaka 10 huku akisafiri kwenda kuigiza. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 93. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imeshageuzwa ya wageni, kwa jina la Hatari Lodge.