Kliniki ya meno inahitaji mtu wa kukaa na mgonjwa

MAUMIVU ya jino huwaponza wengi pale yanapotulia. Mgonjwa hufika kliniki shavu limevimba, usiku kucha hajalala. Daktari anafungua jino, anasafisha mzizi, anaweka dawa, analiziba kwa muda na kumwambia arudi. Maumivu yakiisha, harudi. Miezi inapita, kizibo cha muda kinalegea, bakteria wanaingia tena, au jino linapasuka. Anaporudi, anarudi kung'oa jino ambalo lingeweza kumtumikia miaka mingi.

Ni rahisi kumlaumu kwa uzembe. Lakini aliambiwa nini siku ile, na katika hali gani? Alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo una ganzi, huku wengine wakisubiri zamu nje. Huenda alichokisikia vizuri ni bei tu. Kwamba kusafisha mzizi ni hatua ya kati, na kwamba jino la nyuma likishatibiwa hivyo mara nyingi huhitaji kofia ya kulikinga lisipasuke, hakuna aliyepata nafasi ya kumweleza.

Katika kliniki nyingi za binafsi Uingereza na Marekani, kazi hiyo ina mwenyewe: mratibu wa matibabu. Mara nyingi ni muuguzi wa meno aliyeongezewa mafunzo. Daktari akishapima na kuandika mpango, mratibu huketi na mgonjwa pembeni, mbali na kiti cha matibabu. Humwonyesha picha ya eksirei, humtajia atakuja mara ngapi, njia nyingine zilizopo na gharama ya kila moja. Hufuatilia kibali cha bima, hupanga malipo ya awamu, huhakikisha kofia imefika kutoka maabara kabla ya miadi, na humpigia simu aliyekosa kuja.

Faida yake huonekana zaidi kwenye matibabu marefu. Kipandikizi cha jino, kwa mfano, ni skrubu ya titani inayowekwa kwenye mfupa wa taya, na mara nyingi husubiriwa miezi 3 hadi 6 ishikane na mfupa kabla ya jino lenyewe kufungwa juu yake. Mgonjwa asiyejua sababu ya kusubiri atadhani anazungushwa.

Kueleweshwa ni haki ya mgonjwa. Viwango vya General Dental Council, chombo kinachosimamia taaluma ya meno Uingereza, vilivyoanza kutumika mwaka 2013, vinataka mgonjwa apewe mpango wa maandishi na gharama zake kabla ya matibabu kuanza. Mwaka 2015, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Montgomery iliyohusu uzazi, iliamua kwamba mgonjwa lazima aelezwe hatari zenye uzito kwake pamoja na njia mbadala. Uamuzi huo unawagusa madaktari wa meno pia.

Hata hivyo, kazi hii ina mipaka. Mratibu hatambui ugonjwa, haandiki dawa wala habadilishi mpango wa daktari. Mgonjwa akimtajia kisukari au dawa za kuzuia damu kuganda, taarifa hiyo lazima imfikie daktari mara moja. Na mratibu asilipwe kamisheni kwa kila mgonjwa anayekubali matibabu ghali, kwani hapo atageuka muuzaji, na imani ya mgonjwa itakuwa imekwisha.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba magonjwa ya kinywa yanawasumbua watu wapatao bilioni 3.5. Kwa mzigo huo, kliniki zetu haziwezi kuendelea kuanza matibabu yasiyomalizika. Kliniki ndogo haihitaji kuajiri mtu mpya. Inaweza kumfundisha muuguzi au mpokezi mmoja, ikampa muda na meza yake.

Nawe msomaji, usiondoke kliniki kabla ya kuuliza: matibabu yangu yana hatua ngapi, yatagharimu kiasi gani hadi mwisho, ipo njia nyingine, na nikiishia katikati jino langu litapatwa na nini? Majibu hayo ni haki yako. Yadai.