Nguvu ya Injini na Uwiano wa Gia: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua Saluni Kuukuu ya Kijerumani

Fedha za mpunga au za miwa hupatikana kwa msimu. Gari lililonunuliwa kwa fedha hizo likishindwa kazi, mwenye nalo hulazimika kusubiri msimu mwingine. Kwa sababu hiyo, tunaeleza hapa namna ya kulinganisha saluni mbili zilizotengenezwa Ujerumani: Mercedes-Benz 230E ya muundo wa W124 na BMW 520i ya muundo wa E34. Zote mbili huendeshwa na magurudumu ya nyuma.

Muuzaji hupenda kutaja nguvu farasi. BMW 520i yenye silinda sita na valvu 24, iliyoanza mwaka 1990, hutoa nguvu farasi 150. Mercedes 230E yenye silinda nne hutoa 132 hadi 136. Hata hivyo, nguvu farasi hizo hutimia injini ikizunguka kwa kasi kubwa. Kinachovuta gari lenye abiria na magunia ya mchele ni nguvu ya msokoto, yaani nguvu ambayo injini huzungushia shafti. Mercedes hufikia kilele cha takriban nyutoni-mita 200 kwenye mizunguko 3,500 kwa dakika. BMW, katika matoleo ya kwanza ya injini hiyo, hufikia 190 kwenye mizunguko 4,700. Hivyo, katika mlima wa kuelekea Mahenge, dereva wa BMW atahitaji kushusha gia mapema zaidi.

Msokoto huo huzidishwa mara mbili kabla ya kufika kwenye magurudumu: kwanza na gia, kisha na difu. Kwa mfano, injini ikitoa 190, gia ya kwanza ikiwa na uwiano wa 4 na difu 3, magurudumu hupata 2,280, kabla ya kuondoa kinachopotea kwa msuguano. Difu ikiwa ya 4, hupata 3,040. Gari la pili litapanda mlima kwa urahisi, lakini katika mwendo uleule injini yake itazunguka zaidi kwa theluthi moja, na matumizi ya mafuta huelekea kuongezeka. Mnunuzi anayesafiri mara nyingi kwenye lami hadi Morogoro na yule anayepita barabara za udongo za Malinyi hawahitaji difu ya aina moja.

Mercedes nyingi za otomatiki zenye gia nne huondoka kwa gia ya pili, na hutumia ya kwanza dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu. Uzito huo wa kuondoka si dalili ya ubovu peke yake.

Kabla ya kulipa, tunashauri mnunuzi afanye yafuatayo akiwa na fundi asiyechaguliwa na muuzaji wala dalali:

1. Alinganishe namba ya injini na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Injini ikiwa imebadilishwa, takwimu tulizotaja hazilihusu tena gari hilo.

2. Alijaribu gari likiwa na abiria, mlimani, injini ikiwa imepata moto. Mizunguko ikipanda bila mwendo kuongezeka, klachi au giaboksi inateleza.

3. Akague oili ya difu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, jambo la kuangaliwa sana katika bonde linalofurika wakati wa masika.

4. Aulize kama difu imewahi kubadilishwa. Katika Mercedes hii, difu yenye uwiano tofauti huifanya geji ya mwendo isome isivyo sahihi, pamoja na hesabu ya kilomita.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kwa hiyo, maelezo ya muuzaji kuhusu injini, giaboksi na difu yaandikwe kwenye mkataba wa mauziano na kusainiwa, na mnunuzi abaki na nakala. Malalamiko yenye maandishi ni rahisi kuthibitisha kuliko yale yanayotegemea maneno ya mdomo.